Damu ya Siku ya Tatu



Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa: 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa huo kwa kufuata dalili na nyendo zao. Wote 10 walifariki. Miezi michache kabla ya hapo, ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ilipata wagonjwa 66 wa ugonjwa huohuo, na vifo vikawa 15. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ninaiona katika muda na kitanda. Wagonjwa wengi wa Rwanda walikuwa wahudumu wa afya mjini Kigali. Waligunduliwa mapema, wakapewa remdesiviri na kingamwili zilizotengenezwa maabara, na waliozidiwa wakawekewa mashine za kupumulia. Mgonjwa wa Biharamulo aliyezidiwa kabla ya kujulikana anaumwa nini hakuwa na nafasi kama hiyo.

Marburg ilitikisa nchi, na ilistahili. Lakini mkoa huohuo wa Kagera umetoa habari nyingine ya kitabibu ambayo haikutangazwa na kiongozi yeyote mbele ya kamera, nayo inagusa watoto wengi zaidi kwa mbali. Malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani mwaka 2023, na takribani 4 kati ya kila vifo 100 vilikuwa vya Tanzania. Dawa tunayoitegemea kuwaokoa wengine wote ni mseto, yaani dawa mbili zinazotolewa kwa pamoja. Na katika damu ya watoto wa Karagwe, vimelea vimeanza kuuzoea.

Naomba tuanzie Lukole, kwa kuwa mtu asiyeijua nchi ile hataelewa kwa nini usugu huu uonekane kule. Lukole, iliyokuwa kambi ya wakimbizi, ipo wilayani Ngara, kuelekea Biharamulo, katika pembe ambako Tanzania inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakatua Benaco. Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, Warundi ndio waliobaki na kuongezeka, na Lukole, yenye sehemu zake mbili A na B, ikawa makazi yao. Kuna wakati ilikuwa na watu karibu 100,000, yaani mji mkubwa kuliko mji wowote wa wilaya zile, uliojengwa kwa miti, udongo na maturubai. Ilifungwa mwaka 2008. Leo Benaco ni kituo cha malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali, na watu wa pande zote wanaendelea kuvuka kwa kilimo, mifugo, ndoa na biashara. Damu yao inavuka pamoja nao.

Warundi wale walitoka katika nchi iliyoonja mapema kile ninachokizungumzia. Mwaka 2000 na 2001 malaria ililipuka katika milima ya Burundi, wagonjwa wakafikia takribani milioni 3 katika taifa lisilozidi watu milioni 7. Mvua na joto vilichangia, na vita ilichangia. Lakini mgonjwa aliyefanikiwa kufika zahanati alipewa klorokwini, na klorokwini ilikuwa imekwisha nguvu. Burundi ilibadili dawa mwaka 2003.

Sisi nasi tulichelewa. Usugu wa klorokwini ulionekana kwanza mpakani mwa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukaingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania iliendelea kuitoa hadi 2001, wakati ambapo katika vituo vilivyofuatiliwa dawa ilikuwa ikishindwa kwa zaidi ya nusu ya watoto. Tukahamia dawa iitwayo SP, nayo ikadumu miaka michache tu kabla ya mseto kuchukua nafasi kuanzia mwisho wa 2006. Ipo miaka ishirini na zaidi kati ya dalili ya kwanza ya klorokwini kushindwa na siku tuliyoiacha. Watoto waliozikwa katika miaka hiyo hawakuandikwa popote kwamba walikufa kwa usugu wa dawa. Waliandikwa homa, degedege, upungufu wa damu. Hili linaniuma, na ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Sasa mseto wenyewe. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na katika kuimeng'enya huachilia madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoiamsha artemisinini, dawa iliyotolewa katika mmea wa Kichina na iliyompa Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ikishaamka, inaharibu kimelea kila upande, haraka kuliko dawa yoyote ya malaria tuliyowahi kuwa nayo. Udhaifu wake ni kwamba haikai: baada ya saa chache imekwisha mwilini. Ndiyo maana hupewa mwenzi anayedumu siku kadhaa. Katika dawa ya ALu mwenzi huyo ni lumefantrini. Mmoja anafyeka shamba, mwingine anafuata nyuma akipalilia visiki vilivyobaki.

Kimelea chenye badiliko la R561H, katika jeni iitwayo kelch13, kimepata mbinu. Kikiwa bado kichanga hupunguza kula. Kisipokula, chuma hakitoki kwa wingi. Chuma kisipotoka, dawa haiamki ipasavyo. Kinavumilia njaa hadi artemisinini ipite, kisha kinaendelea na maisha. Wataalamu wanauita usugu usio kamili, kwa sababu mgonjwa bado anaweza kupona: mpaliliaji yupo. Lakini kazi yote inamwangukia yeye peke yake, akikabili vimelea vingi kuliko alivyotakiwa kuvikabili. Dawa inayoachiwa mzigo kwa namna hiyo huwa haichukui muda mrefu kabla nayo haijashindwa.

Tunajuaje kwamba kimelea kimevumilia? Kwa kuangalia damu siku ya tatu. Mtoto anapimwa siku anapoanza dawa, anameza dozi zake sita mbele ya muuguzi, na siku ya tatu anatobolewa kidole tena, damu inawekwa chini ya hadubini. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba vimelea vikikutwa siku hiyo kwa wagonjwa 10 au zaidi kati ya 100, ni lazima kushuku usugu.

Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wakiongozwa na Dkt. Deus Ishengoma na wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya nje, walikusanya damu katika mikoa 13 ya Tanzania Bara na kusoma vinasaba vya vimelea. Kagera peke yake ndiyo iliyowastua. R561H ilipatikana katika asilimia 7.7 ya sampuli za mkoa, na wilayani Karagwe katika asilimia 22.8. Mwaka uliofuata walirudi Karagwe kufanya jaribio la tiba kwa watoto 176 wa kuanzia miezi sita hadi miaka kumi, wengine wakipewa ALu, wengine artesuneti na amodiakwini. Katika makundi yote mawili, zaidi ya asilimia 10 walikuwa bado na vimelea siku ya tatu. Karibu theluthi moja ya watoto waliingia katika jaribio wakiwa tayari wamebeba R561H. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024.

Nisieleweke vibaya nikamtia mzazi hofu. Hadi siku ya 28, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wale walikuwa wamepona. Mseto unatibu. Mwenye mtoto mwenye homa Ngara, Biharamulo au Karagwe ampeleke kupimwa, apewe dawa, amalize dozi zote sita hata kama homa imeshuka jioni ya kwanza. Ninachokisema ni kwa wanaopanga tiba ya miaka kumi ijayo.

Klorokwini na SP zote mbili zilishindwa kwa vimelea vilivyotoka Asia. Safari hii mgeni hakuja. R561H ilitambuliwa kwanza Rwanda, katika sampuli zilizokusanywa Masaka mwaka 2014 na kutangazwa mwaka 2020, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba ilizaliwa hukohuko. Vimelea vya Karagwe vina undugu na vile vya Rwanda. Uganda kaskazini ina mabadiliko yake mengine katika jeni hiyohiyo, na Eritrea yake. Hakuna tena sababu ya kukaa tukitazama Bahari ya Hindi tukingoja jambo lifike bandarini. Lindo tulilohitaji lilikuwa Rusumo, Murongo na Kabanga, kwenye zahanati za kawaida ambako tabibu anahudumia foleni ndefu na hadubini haina mtu wa kuisoma.

Hapa ndipo Lukole inanirudia. Kwa miaka kumi na zaidi palikuwa na maelfu ya watu waliotoka maeneo yenye malaria tofauti, waliokuwa wakitibiwa katika vituo vilivyoweka kumbukumbu, na ambao wahudumu wangeweza kuwafikia siku ya tatu kwa kutembea. Tena ilikwisha kuonekana Ngara kwamba mkimbizi anafuatilika. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya kitaalamu kuhusu matokeo ya tiba ya kifua kikuu kwa wakimbizi wa Rwanda na Burundi wilayani humo. Kifua kikuu kinadai vidonge kwa miezi mingi. Ikiwa uliweza kumfuata mgonjwa wa namna hiyo, asiyejua kesho atalala nchi gani, siku tatu za malaria hazikushindi. Kauli ya kwamba watu wanaohamahama hawafai kwa utafiti wa tiba naikataa kabisa. Kimelea kinahamahama. Ukiwatafiti waliotulia tu, utakijua kimelea kilichotulia tu.

Kagera ina ushahidi mwingine wa nini kinawezekana. Muleba, wilaya iliyopigwa na mlipuko mkubwa wa malaria wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, ndiko lilikofanyika jaribio la vyandarua vyenye kemikali ya PBO, inayovunja ukinzani wa mbu dhidi ya dawa ya kawaida ya chandarua. Vitongoji vilipangwa katika makundi 48, vikafuatiliwa miaka miwili, na watoto waliolala katika vyandarua hivyo walikutwa na vimelea kwa kiwango cha chini zaidi waziwazi. Shirika la Afya Duniani lilibadili pendekezo lake mwaka 2017 kwa kutegemea matokeo ya Muleba. Wanavijiji wa Ziwa Victoria waliubadilisha ushauri wa dunia nzima, na ni wachache mno nchini wanaojua.

Je, dawa mpya zipo? Ipo inayokaribia: ganaplasidi ikiunganishwa na lumefantrini. Haina artemisinini ndani yake. Mwezi Novemba 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio lake kubwa, lililohusisha wagonjwa 1,688 katika nchi 12 za Afrika. Tiba ilifanikiwa kwa asilimia 97.4, ikilinganishwa na 94.0 ya mseto wa kawaida. Nimefurahi, lakini tazameni mwenzi wake ni nani. Ni lumefantrini ileile, mpaliliaji tunayemchosha sasa hivi Karagwe. Kila mwaka tunaouacha upite tukitegemea ALu peke yake kote, tunaichakaza nusu ya dawa ambayo bado haijafika dukani.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya, na ninayaomba kwa Wizara, kwa vyuo vyetu na kwa halmashauri. Mikoa ya mpakani itumie dawa zaidi ya moja kwa kupishana au kwa kugawana, ili kimelea kisikutane na mwenzi yuleyule kila siku. Kila mgonjwa wa malaria apewe pia dozi moja ndogo ya primakwini, inayozuia vimelea kurudi kwa mbu, pale mwongozo unaporuhusu. Na damu ya siku ya tatu isiwe ya watafiti waliofadhiliwa kwa msimu mmoja. Katika vituo vichache vya Ngara, Biharamulo, Karagwe na Kyerwa, na popote wanapotibiwa wakimbizi wa Burundi na Kongo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipwe kumfuata mtoto nyumbani siku hiyo, achukue tone la damu kwenye karatasi ya kuchuja, na karatasi hiyo ifike maabara yenye uwezo wa kusoma jeni hapa nchini. Majibu yaende Kigali na Bujumbura katika mwezi huohuo, na ya kwao yaje kwetu. Karatasi ya kuchuja haihitaji barafu wala jokofu. Inasafiri kwa bahasha, kwa basi la Kahama.