Kabla ya Kumwita Mzembe: Afya ya Akili ya Vijana Wenye Disleksia na Upungufu wa Umakini



Disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, si ugonjwa wa akili, wala upungufu wa umakini si sonona. Lakini vijana wengi wenye hali hizi huishia kwenye sonona na wasiwasi, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya njia hiyo inapita darasani kwetu sisi walimu.

Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa. Kwa hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kufika darasa la saba akisoma polepole tu, bila makosa mengi, na asishtukiwe na mtu. Kisha anaingia kidato cha kwanza, anakabiliwa na Kiingereza, ambamo herufi zilezile hutamkwa hivi katika neno hili na vingine katika lile, na karibu masomo yote hufundishwa kwa lugha hiyo. Ndani ya muhula mmoja aliyekuwa wa katikati anashika mkia. Ana miaka 13 au 14, umri wa kuona aibu sana.

Hapo ndipo tunapomwambia: simama, soma aya ya pili. Darasa linacheka. Siku nyingine kipindi kikikaribia anaomba ruhusa ya kwenda chooni, baadaye analalamika tumbo, mwisho haji kabisa. Lile tumbo linauma kweli. Wasiwasi huuma mwilini. Mwalimu wa zamu anaandika “mtoro”, na bakora inafuata. Wengine huchagua vituko, maana heri kuitwa mtundu kuliko mjinga.

Kwenye umakini, mvulana asiyetulia kitini tunamjua wote. Msichana anayetazama dirishani tunamsifu kwa upole. Anasahau daftari, anaanza zoezi halimalizi, anaambiwa mzembe mpaka anakubali kwamba ndivyo alivyo.

Siombi bajeti. Atakayesoma kwa sauti apewe aya yake jana yake. Baadhi ya majaribio yafanywe kwa mdomo. Maelekezo yatolewe moja moja, si matano kwa mkupuo. Na hili nalisisitiza: mwalimu wa ushauri nasaha asiwe huyohuyo wa nidhamu. Nani atamfungulia moyo mtu aliyeshika fimbo?

Kwa wazazi, ukitaja afya ya akili wengi wanasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anza kwa kuwauliza kuhusu usingizi, na chakula, na kama kijana bado anatoka kucheza na wenzake.

Kijana akidokeza kwamba amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, usimwahidi siri. Mwite mzazi, kisha afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kesho ana mtihani.