Klasi Mtoto Hairithi Mlinzi: Siri za Wagonjwa katika Programu Zinazooanisha Vitu na Majedwali



Hospitali ya Matiliku na zahanati zinazoizunguka huhudumia watu wanaofahamiana. Karani anayefungua rekodi kwenye kompyuta anamjua mgonjwa, analijua boma lake, na huenda wakakutana sokoni siku hiyohiyo. Mahali kama hapa, ninachokihofia zaidi ya mdukuzi wa mbali ni mfumo unaomwonyesha mfanyakazi halali jambo lisilomhusu. Mada yangu inahusu njia moja ya uvujaji huo ambayo sisi watengenezaji huipuuza: klasi moja ya programu inapoirithi nyingine, sheria za nani aone nini hubaki nyuma.

Nitatumia mfano ulio karibu nasi, OpenMRS. Mfumo huu wa rekodi za afya ulianza kubuniwa mwaka 2004 kwa mahitaji ya kliniki za AMPATH, mpango wa huduma za VVU kule Eldoret, ukaanza kutumika huko mwaka 2006. Ndio msingi wa KenyaEMR, iliyosambazwa tangu 2012 katika mamia ya vituo vya afya nchini, kwanza kabisa kwa ajili ya huduma za watu wanaoishi na VVU. Umeandikwa kwa lugha ya Java, na kati ya Java na hifadhidata imekaa Hibernate, programu iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Hibernate huchukua safu za majedwali na kuzigeuza kuwa vitu ambavyo programu inavielewa, kisha huvirudisha kuwa safu wakati wa kuhifadhi.

Ndani ya OpenMRS kuna klasi iitwayo Person, na klasi Patient inairithi. Ya kwanza hubeba jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Ya pili huongeza nambari za utambulisho za mgonjwa. Kwenye hifadhidata ni majedwali mawili yanayotumia nambari moja. Mpangilio huu una mantiki, kwa sababu mama aliyeandikwa kama jamaa wa karibu ni mtu tu mpaka siku atakapokuja kutibiwa. Mpango wa afya wa Kaunti ya Makueni, MakueniCare, ulipoanza mwaka 2016, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, wanakaya waliosajiliwa hawakuwa wote wagonjwa. Mfumo wowote wa afya wenye upana huo utabeba watu wengi kuliko wagonjwa.

Sasa tazameni kinachotokea. Ukiiomba Hibernate ikuletee watu, huchanganya majedwali yote ya ukoo huo, na mtu aliye pia mgonjwa huja akiwa Patient kamili. Tabia hii ni ya makusudi, na kwa mwandishi wa programu ni neema kubwa. Lakini katika OpenMRS ruhusa ya kuona watu na ruhusa ya kuona wagonjwa ni mbili tofauti, na hukaguliwa pale huduma inapoitwa. Aliyeingia kwa mlango wa watu amekaguliwa kwa ruhusa ya watu. Kitu atakacholetewa kikiwa mgonjwa, Hibernate haitamuuliza swali la pili, kwa kuwa haikupewa kazi ya kujua ruhusa za watumiaji. Aliyeiandika huduma ndiye anayepaswa kuhakikisha kwamba kinachotoka ni kile tu kilichoruhusiwa. Na katika kliniki ya VVU, mtu akijua tu kwamba fulani ni mgonjwa pale, bila kusoma hata mstari mmoja wa matibabu yake, tayari siri imetoka.

Wengi hukimbilia vichujio vya Hibernate, wakiviagiza vifiche rekodi za kituo kingine au za idara nyingine. Vichujio hivyo hufanya kazi kwenye maswali. Mtu akiomba rekodi moja kwa nambari yake, kwa miaka mingi kichujio kilirukwa, na matoleo ya karibuni yanayoweza kukilazimisha yanataka uwashe uwezo huo mwenyewe. Nambari zenyewe hufuatana. Anayeiona rekodi 1041 hahitaji werevu wowote kujaribu 1042.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka. Hibernate haiwezi kubadilisha klasi ya rekodi iliyokwishahifadhiwa. Person aliyemo hawezi kugeuzwa Patient kwa njia yake ya kawaida. Kwa hiyo OpenMRS ilibidi iandike SQL ya moja kwa moja kuingiza safu kwenye jedwali la wagonjwa. Ni suluhisho halali. Lakini SQL hiyo haionwi na visikilizaji vya Hibernate, na wengi wetu hutegemea visikilizaji hivyo kuandika kumbukumbu za nani alifanya nini. Wakati muhimu kuliko wote, mtu anapogeuka mgonjwa, ukaguzi wetu unaweza kuukosa.

Majukumu ya watumiaji nayo hurithi. Jukumu lililowekwa chini ya jingine hupata ruhusa zote za mzazi, pamoja na zile zitakazoongezwa mwaka ujao na msimamizi asiyekumbuka kwamba karani wa mapokezi yumo kwenye ukoo huo.

Kwa maoni yangu, urithi wa klasi usitumiwe kabisa pale ambapo mtoto ana siri ambayo mzazi hana. Afadhali mgonjwa awe rekodi inayomrejelea mtu, yenye mlango wake na ukaguzi wake. OpenMRS yenyewe ilichukua njia hiyo kwa watumiaji wa mfumo: User ilikuwa mtoto wa Person, baadaye ikatenganishwa. Palipo na urithi usioweza kuondolewa, ruhusa ikaguliwe tena baada ya kitu kuletwa, kwa klasi yake halisi. Na aliye na PostgreSQL atumie ulinzi wa safu uliomo tangu toleo la 9.5, ili hifadhidata ikatae hata programu inapokosea.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti, na haimsamehe mwenye mfumo kwa kuwa kosa lilikuwa ndani ya Hibernate. Ninawaomba wote mnaosimamia mifumo ya vituo vyetu: kabla ya kuwasha toleo jipya, ingieni kwa akaunti ya karani mwenye ruhusa ndogo kabisa, ombeni rekodi ya mtu ambaye mnajua ni mgonjwa, kwa orodha na kwa nambari, mwone kinachorudi.