Koo Wakati wa Kiangazi
Huku Bangwe, Ujiji na mwambao wote, kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika, vumbi hutimka hadi kwenye dagaa walioanikwa, na ubaridi wa usiku hutufanya tufunge madirisha. Baridi peke yake haileti mafindofindo. Vijidudu ndivyo vinavyoleta, navyo huenea watoto wanapolala wamebanana, wakikoholeana na kunywea kikombe kimoja.

Koo la mafua mara nyingi hupona lenyewe. Lakini mzazi, mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye homa, koo lililoanza kuuma ghafla na tezi za shingo zilizovimba, bila kikohozi, mpeleke zahanati. Dalili hizo zinaweza kuwa za bakteria, ambao wasipotibiwa wanaweza kumwachia ugonjwa unaoharibu valvu za moyo. Akiandikiwa dawa, amalize dozi yote, hata akipata nafuu mapema.