Mgeni Njoo: Mwalimu Mkuu na Halmashauri Yake



Nimeombwa nizungumzie uongozi wa shule. Nimechagua kipande kimoja tu: mtu anayetoka halmashauri kwenda kumwona mwalimu mkuu anakwenda kufanya nini. Hoja yangu naitoa mapema ili anayetaka kuipinga apate muda wa kujiandaa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara anao wakaguzi wa kila aina, lakini hana mshirika. Na yule aliye karibu zaidi kuwa mshirika wake, Afisa Elimu Kata, tumemtwisha mizigo inayomzuia kuwa hivyo.

Tuitazame kwanza kazi ya mwalimu mkuu. Elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, baada ya Waraka Na. 5 wa 2015, fedha za ruzuku zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Lilikuwa jambo jema. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shule inapata 6,000. Yenye watoto 600 basi ina shilingi milioni 3.6 za mwaka mzima, na hizo zigawanywe kwenye ukarabati, vifaa vya darasani, mitihani, michezo na utawala. Mwalimu mkuu mwenyewe hupewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Piga hesabu: posho yake ya mwaka ni theluthi mbili ya fedha zote anazokabidhiwa kuendeshea shule hiyo. Silalamikii posho, nalalamikia udogo wa ruzuku.

Fedha hizo chache zina makaratasi mengi. Mwaka 2017 vituo vya huduma, shule zikiwemo, vilianza kuandika mapato na matumizi yake kwenye mfumo wa kihasibu wa FFARS, na shule ya msingi ya kawaida haina mhasibu. Kisha ikaja ujenzi. Sehemu ya fedha za UVIKO-19, zile shilingi trilioni 1.3, ilipojenga madarasa 15,000 mwaka 2021 na 2022, kazi ilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inanunua saruji, inatafuta fundi, inasimamia. Walimu wakuu wengi walijifunza bei ya nondo kabla hawajajifunza namna ya kumsaidia mwalimu wa darasa la kwanza ambaye watoto wake hawasomi. Madarasa yalisimama, na waliokuwa wanasomea chini ya miti wanajua thamani yake. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mhasibu, msimamizi wa ujenzi na kiongozi wa taaluma katika wiki moja, huku akiwa na vipindi vyake vya kufundisha. Kinachoahirishwa siku zote ni kile ambacho hakuna atakayekiulizia jioni.

Sasa mgeni anafika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shuleni mgeni anakuja, mwenyeji anashikwa na homa. Kitabu cha wageni kinatolewa, mahudhurio ya walimu yanakaguliwa, maandalio ya masomo yanapekuliwa kuona kama yana tarehe, vyoo vinahesabiwa. Mgeni anasaini, anaacha maelekezo, anaondoka. Wiki ijayo anafika mwingine mwenye dodoso lake. Mthibiti ubora anatoka Wizara ya Elimu. Afisa wa halmashauri yuko chini ya TAMISEMI. Ofisi ya mkuu wa wilaya ina watu wake. Mtendaji wa kata ana ya kwake. Diwani naye ana swali kuhusu choo. Kila mmoja ana haki ya kuuliza. Lakini ni nani kati yao atakayerudi mwezi ujao kuona kama lile walilokubaliana limefanyika, na kama limeshindikana, akae kitako na mwalimu mkuu watafute sababu?

Kwa mpangilio tulionao, anapaswa kuwa Afisa Elimu Kata. Tanzania Bara ina kata karibu 4,000, na shule za msingi za serikali zinazozidi 17,000. Wastani wa kila kata ni shule nne au tano. Uwiano huo ni wa kuonewa wivu. Nchi nyingi tajiri hazina afisa wa umma mwenye shule tano tu, anayeishi jirani nazo, aliyekuwa mwalimu mwenyewe, anayewajua wazazi kwa majina. Analipwa posho ya madaraka ya shilingi 250,000, na mwaka 2018 serikali iligawa pikipiki karibu 2,900 kwa maafisa hawa. Kwa hiyo muundo tunao, na chombo cha kusafiria tunacho, ingawa mafuta ni habari nyingine.

Tatizo liko kwenye kazi anazopewa. Ofisi ya mkurugenzi ikihitaji takwimu kesho asubuhi, anatumwa yeye. Ukifika uchaguzi, sensa, ujenzi wa maabara au ziara ya kiongozi, yumo. Mwaka 2016, mikoa ilipopewa hadi mwisho wa Juni kumaliza upungufu wa madawati, kata nzima iligeuka karakana. Afisa anayefika shuleni akiwa na fomu ya mtu mwingine mfukoni hawezi kuingia darasani akakaa dakika 40 nyuma ya wanafunzi, akasikiliza, kisha akazungumza na mwalimu mkuu kuhusu alichokisikia. Anachukua idadi, anapanda pikipiki.

Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020 katika mikoa kama Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora, ilijaribu njia nyingine. Afisa Elimu Kata alipewa pikipiki na fedha ya kuiendesha. Walimu wakuu walifundishwa kupanga maendeleo ya shule, na mafunzo ya walimu yakaletwa shuleni badala ya kuitana hotelini mjini. Wengi hukumbuka vifaa. Mimi naona jambo la maana zaidi lilikuwa la kawaida kabisa: mwalimu mkuu alijua kwamba kuna mtu atarudi, na atarudi na kumbukumbu ya mazungumzo yaliyopita. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), wenye jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, umerithi sehemu ya fikra hiyo kwa walimu wa darasani. Kwa walimu wakuu bado hatujaujengea mwenzake wenye nguvu ileile.

Niruhusuni nitoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu Uingereza ilijaribu mambo mawili kwa wakati mmoja, na tofauti yake inatuhusu.

Jambo la kwanza lilianza 2004. Serikali ya huko ilileta washirika wa uboreshaji wa shule, wengi wao walimu wakuu waliopo kazini au wastaafu, na sheria ya elimu ya 2006 ikaitaka kila halmashauri iiteulie kila shule yake mshirika wa namna hiyo. Kwenye karatasi ndilo jambo ninalolililia hapa. Ila mshirika huyo alipewa kofia tatu: amhoji mwalimu mkuu juu ya takwimu za matokeo, aishauri bodi ya shule inapompima mwalimu mkuu huyohuyo, kisha aipelekee halmashauri taarifa. Mwalimu mkuu mwenye akili hamfungulii moyo mtu wa namna hiyo. Anamwonyesha darasa zuri. Utaratibu ukafutwa na serikali iliyofuata, kwa sheria ya 2011.

Jambo la pili ni mpango wa London Challenge, iliyoanza 2003 na kwenda hadi 2011. Miaka yake ya mwanzo iliongozwa na Tim Brighouse, mtu aliyeamini kwamba shule dhaifu haiponywi kwa kuaibishwa. Shule iliyokuwa na shida iliunganishwa na mwalimu mkuu wa shule nyingine iliyofanikiwa katika mazingira yanayofanana, na muda wa huyo msaidizi ulilipiwa. Walimu walikwenda kujifunza ndani ya shule nzuri, darasani, si ukumbini. Mwaka 2010 wakaguzi wa shule wa Ofsted waliandika kwamba sekondari za London zilikuwa zinafanya vizuri kuliko sehemu nyingine za England. Sifa yote haiendi kwa mpango huo. Simon Burgess wa Chuo Kikuu cha Bristol alionyesha 2014 kwamba aina ya wanafunzi waliopo London, hasa watoto wa familia za wahamiaji, inaeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Wengine wakaonyesha kwamba maendeleo yalianzia shule za msingi mapema zaidi. Nakubali. Hata hivyo sijaona ushahidi kwamba kumwita mwalimu mkuu mbele ya watu na kumsema kungefanya kazi bora zaidi.

Hapa kwetu ushahidi tunao. Chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia 2013, shule za msingi zilipangwa kwa nafasi ndani ya wilaya zao kufuatana na matokeo ya darasa la saba. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza kilichotokea kwa shule zilizowekwa mkiani. Wastani wa ufaulu ulipanda. Idadi ya watoto waliokaa kwenye mtihani ikashuka. Kwa maneno mengine, sehemu ya uboreshaji ilipatikana kwa mtoto dhaifu kutofika kwenye chumba cha mtihani. Walimu wakuu walikuwa wameulizwa swali moja tu, wakalijibu kwa njia iliyokuwa ndani ya uwezo wao. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na lilifanya vyema. Lakini ndani ya halmashauri nyingi orodha bado inasomwa kwenye kikao, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho anasimama.

Kuna watakaosema: ongezeni fedha, mengine yatajipanga. Mbiti na wenzake walilipima hilo katika shule 350 za wilaya 10 za nchi hii, wakachapisha matokeo 2019. Shule zilizoongezewa ruzuku peke yake hazikuonyesha tofauti katika kujifunza kwa watoto. Pale ruzuku ilipoambatana na motisha kwa walimu kwa kila mtoto aliyefaulu, tofauti ikaonekana. Sichukui hapo kwamba ruzuku ni bure. Nimeshasema 6,000 ni kidogo. Nachukua kwamba fedha inahitaji mtu anayeuliza mtoto amejifunza nini, mara kwa mara, bila fimbo mkononi.

Jambo moja tunalo ambalo Waingereza walilikosa. Kwetu ukaguzi tayari uko nyumba nyingine. Uthibiti ubora ni wa Wizara ya Elimu, na usimamizi wa shule ni wa TAMISEMI na halmashauri. Hatuhitaji sheria mpya ili anayemsaidia mwalimu mkuu asiwe ndiye anayemhukumu. Inatosha halmashauri iache kuiga ukaguzi ambao si kazi yake.

Wakurugenzi wa halmashauri mliopo hapa, na mtakaousoma mhadhara huu baadaye, nawaomba mambo matatu kwa mwaka mmoja wa masomo. Mtoeni Afisa Elimu Kata kwenye kazi zisizo za elimu kwa angalau siku tatu za kila wiki, na siku hizo awe shuleni. Kikao cha walimu wakuu cha kila mwezi kihame kutoka ofisi ya kata kiende shule moja baada ya nyingine, na kianze kwa wote kukaa darasani kumtazama mwalimu akifundisha kusoma, ndipo waingie kwenye matangazo. Na mwalimu mkuu ambaye shule yake imeshika mkia asiitwe mjini kujieleza. Mpeleke mwenzake mwenye shule ya mazingira kama yake akakae naye wiki moja, na nauli ilipwe na halmashauri. Nauli hiyo ni ndogo kuliko posho za kikao kimoja cha tathmini.