Namba ya Malipo na Sitara ya Raia

Hapa Dodoma, mji uliochaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, kodi ya ardhi, ada na faini za serikali siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo yenye tarakimu 12, ambayo raia huipeleka benki au kwa wakala wa simu. Nalihesabu jambo hili kuwa la heri, maana fedha iendayo moja kwa moja hazina haidokolewi njiani. Walakini ajuza wa Chimwaga, hapa hapa jijini, aliyefifia macho, akilazimika ili alipe kumkabidhi kijana asiyemjua simu yake pamoja na namba ya siri, amevuliwa sitara. Basi ni faradhi kila ofisi ya mtaa imweke mtu wa kumsomea na kumwelekeza bila ujira, kwani serikali mtandao isiyomhifadhi mnyonge haijatimiza amana yake.