Utayari wa Polisi Hupimwaje?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Leo tunasema nanyi mlioko Mbebe, katika Mkoa wa Songwe, na wengine wote wenye karatasi hii mkononi. Habari yetu ni ya ugaidi. Ugaidi ni kuua watu na kuwatisha kwa makusudi, ili serikali au wananchi walazimike kufuata matakwa ya wachache. Swali letu ni hili: tutajuaje kama polisi wako tayari kuuzuia?

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya miji mikubwa." Fikiri kidogo. Tunduma ni mlango wa nchi. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, na reli ya TAZARA pia. Upande wa Malawi uko mto Songwe. Tena kila mpaka una njia zake za panya. Mtu mwovu hapendi kupita penye askari, hupita mashambani. Basi wa kwanza kumwona huenda akawa mkulima mwenye jembe begani.

Nchi yetu iliujua ugaidi tarehe 7 Agosti 1998. Asubuhi hiyo mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200. Mwaka 2002 Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Lakini sheria ni maandishi. Je, askari akiitwa, atafika? Hapo ndipo mtafiti anapoanza kazi yake.

Mtafiti ni mtu anayetafuta ukweli kwa kuuliza, kutazama na kulinganisha. Hamwulizi mkuu wa kituo, "Je, mko tayari?" Nani atajibu, "La, hatuko tayari"? Wala haishii kuhesabu bunduki. Huuliza maswali manne.

Swali la kwanza: msaada hufika baada ya muda gani? Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, magaidi waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Kilifika Garissa mchana, na mambo yakaisha jioni. Walikufa watu 148, wengi wao wanafunzi. Kikosi kilikuwa hodari, ila kilikuwa mbali. Basi mtafiti hupima saa, tangu mtu wa kwanza alipopiga kelele mpaka askari wa kwanza alipofika.

Swali la pili: nani mwenye amri? Mwaka 2013, mwezi wa Septemba, magaidi walivamia duka kubwa la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Polisi na wanajeshi wote walikwenda kuokoa watu, lakini hawakuwa chini ya amri moja. Wakapigana risasi wao kwa wao kwa makosa, na afisa mmoja wa polisi akafa. Wapishi wengi wasiosikilizana huharibu mchuzi. Hapa yaliyoharibika ni maisha.

Swali la tatu: habari huwafikiaje polisi? Wako mwenyekiti wa kitongoji, polisi kata, na simu ya 112. Mtafiti huvijaribu vyote. Je, simu inashika bondeni? Je, usiku yuko wa kuipokea? Je, gari lina mafuta leo, siyo mwezi ujao?

Swali la nne ndilo zito: je, watu wanawaamini polisi? Tazameni Kibiti, Mkoa wa Pwani. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 13 Aprili waliuawa askari polisi 8 kwa siku moja. Wananchi waliwaogopa wauaji. Tena baadhi ya watu walikamatwa, na jamaa zao wakalalamika kuwa hawajui walipo. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji hayo, alitoweka Novemba mwaka huo. Mahali ambapo mtu anaogopa pande zote mbili, hufunga mdomo. Na mdomo ukifungwa, polisi ni kipofu, hata awe na silaha gani.

Sasa, mtafiti hupataje majibu ya kweli? Kwanza husoma madaftari ya kituo. Pili huwauliza askari wadogo na wakubwa, kila mmoja peke yake. Tatu huwauliza wananchi: mama wa sokoni, dereva wa lori, kijana wa bodaboda. Nne hutazama zoezi, yaani hatari ya kuigiza, akiwa na saa mkononi. Kisha hulinganisha. Daftari likisema dakika 20 na zoezi likichukua saa mbili, ataamini zoezi.

Lakini zipo amana mbili. Jina la aliyemjibu halitaji mtu mwingine. Wala hatangazi hadharani kwamba kituo fulani hakina gari. Habari hiyo huipeleka kwa wenye daraka la kuitengeneza. Asiyelinda siri huwasaidia wabaya.

Basi, ndugu mwanafunzi, mtafiti akifika Mbebe, usimpe jibu la kumpendeza. Akikuuliza, "Ukiona jambo la hatari usiku huu, utamwambia nani?" mwambie kweli. Kama jibu ni "Sitamwambia mtu," basi hilo ndilo jibu linalotakiwa kuliko yote.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kikosi hodari hakikuwahi Garissa?
2. Kutoka hapa mlipo, askari atafika baada ya muda gani mchana? Na usiku?
3. Ni jambo gani litakalomfanya mtu wa kijijini kwenu awaamini polisi zaidi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.