Tanuru la Mkaa

Msikilizaji, ukimwambia mtu wa Kisarawe anakwenda kupimwa, atakunja mkono wa shati atolewe damu. Vipimo ninavyovizungumzia leo havina sindano. Ni picha na maswali tu, lakini jibu moja linaweza kumbandika mtu jina la ugonjwa.

Kipo kimoja cha Boston, Marekani, chenye picha 60. Aliyepata kiharusi anaonyeshwa picha, anataja jina la kitu. Anakokwama ndiko daktari anakotafuta athari kwenye ubongo. Picha ya kitanda, hiyo sawa. Lakini humo imo pia nyumba ya theluji ya watu wa Aktiki, yenye mgongo wa duara na mdomo chini. Sasa mwonyeshe bibi wa Maneromango. Atakwambia, "Tanuru la mkaa." Kakosa? Mimi ningempa alama zote, maana macho yameona na ulimi umetamka.

Kwenye vipimo vya haiba mambo ni mazito zaidi. Kipimo maarufu cha Minnesota, katika toleo lake la 1989, kina kauli 567 za kujibu ndiyo au siyo. Mojawapo inahusu kuingiwa na pepo wabaya. Kule, anayejibu ndiyo anamshtua daktari. Huku Uzaramo, watu wamechezewa madogoli, ngoma ya kutibu wenye pepo, usiku kucha, na baada ya siku chache wako shambani wanapalilia mihogo.

Sisemi vipimo vitupwe, la hasha. Wapo wagonjwa walioitwa wakorofi miaka mingi kwa sababu hakuna aliyewapima. Ila tazameni jirani zetu wa Bagamoyo. Robert Sternberg na wenzake, Watanzania wakiwemo, walichapisha mwaka 2002 utafiti wao juu ya wanafunzi wa huko wa miaka 11 hadi 13. Watoto walipewa mtihani wa kufikiri, wakafundishwa kidogo namna ya kuukabili, wakapewa tena. Alama zikapanda. Akili hazikuongezeka kwa somo lile fupi. Kilichopungua ni ugeni.

Kwa hiyo ukimpeleka mama hospitali pale Kibaha, akapangiwa picha mezani, vuta kiti ukae jirani. Akishindwa moja, muulize daktari kwa adabu: "Samahani, dokta, kitu hiki mama angekiona wapi?"